Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na mapendekezo ya kurekebisha katiba yana ajenda yake. Mimi nitabaki kwenye kazi iliyotuchukua muda mwingi kuliko zote: kufuatilia ahadi ambazo serikali za nchi zetu mbalimbali zimetoa kuhusu afya ya wanawake na wasichana, na kuangalia zimemfikia nani.

Nianze na uzazi. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kutokana na ujauzito na kujifungua, yaani zaidi ya 700 kila siku. Lengo la dunia ni kushuka chini ya vifo 70 kwa kila vizazi hai 100,000 ifikapo 2030. Mwaka huo wa 2023 vilikuwa bado 197. Serikali kadhaa zimeondoa gharama za kujifungua katika vituo vya umma. Afrika Kusini ilianza 1994, Sierra Leone 2010, Kenya 2013. Hatua hizo nazipongeza bila kusita, kwa sababu ada ni kikwazo kikubwa kwa mama asiye na kipato. Ila mama akishafika wodini, kinachomwokoa ni mkunga anayeijua kazi yake na dawa iliyo hai.

Nasema dawa iliyo hai kwa makusudi. Wakunga tulio nao chamani wametueleza kwa kina habari ya oksitosini, sindano inayoufanya mji wa mimba ujikaze ili damu ikatike. Inatakiwa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto nguvu hupungua, na ukiishika chupa mkononi huwezi kujua kama bado ni nzima. Kwa hiyo wizara inapotangaza kuwa dawa zimesambazwa, sisi tuulize pia habari ya jokofu, ya umeme, na ya gari lililozibeba. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa vifo vya uzazi duniani, na sehemu kubwa ya vifo hivyo inazuilika.

Ushahidi upo. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mzazi hutandikiwa shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu hukusanyika humo, na mkunga anasoma kiasi badala ya kukadiria kwa macho. Ikifika kiwango cha hatari, tiba zote huanza kwa mkupuo: kukanda tumbo la uzazi, oksitosini, dawa ya kuzuia damu, dripu, na uchunguzi wa chanzo. Hospitali zilizofuata utaratibu huo zilipunguza matukio ya kutoka damu kupita kiasi kwa asilimia 60. Shuka hilo si kifaa cha kisasa sana wala halihitaji mtaalamu bingwa, na ndiyo maana inaniuma kila ninaposikia wodi isiyokuwa nalo.

Kwa upande wa wasichana, nguvu zetu zilikwenda kwenye chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo iliua wanawake wapatao 350,000 mwaka 2022, wengi mno wakiwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Rwanda ilianza kuchanja kitaifa mwaka 2011, na baada yake nchi nyingi za Afrika zimefuata. Tangu mwishoni mwa 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, jambo lililopunguza gharama na usumbufu. Chanjo hutolewa zaidi shuleni. Basi aliyeacha shule, anayefanya kazi za ndani, au mwenye ulemavu aliyefichwa nyumbani, anaachwa. Walimu na wahudumu wa afya ya jamii mlioingia nyumba kwa nyumba kuwatafuta, chama kinawashukuru sana. Tuseme pia ukweli kuwa mama zao wengi hawajawahi kupimwa saratani hiyo, na huko kampeni zimenyamaza.

Kuhusu hedhi nitakuwa mfupi. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2004. Tanzania iliiondoa 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Kwa maoni yangu dawa ya hilo ilikuwa kusimamia bei, na kodi ibaki imefutwa. Scotland ilikwenda mbali zaidi: tangu Agosti 2022 sheria inataka bidhaa hizo zipatikane bure kwa kila anayezihitaji.

Haya yote hurudi kwenye fedha. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi hazijawahi kufika hapo. Tena kiasi kinachosomwa bungeni mara nyingi si kinachofika kituoni.

Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu kwa jambo moja. Mwaka ujao kila tawi lichague kituo kimoja cha afya cha umma na kukifuatilia mwaka mzima, kwa makubaliano na uongozi wake: oksitosini na jokofu lake, shuka la kupimia damu, chanjo, na fedha zilizopokelewa zikilinganishwa na zilizoidhinishwa. Matokeo tutayapeleka kwa wizara husika kabla bajeti haijaandaliwa. Fomu ya ufuatiliaji imeambatishwa. Naomba muipitie, muirekebishe, kisha tuipigie kura.

Mwenyekiti