Sarafu ya paa

Bristol,
Jumapili usiku

Mpenzi Athmani,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, ila baridi haina huruma. Ujumbe wako umenichekesha: eti nimekosa la kununua mpaka nikanunue pesa za marehemu! Haya, nisikilize. Wewe sonara, jambo hili litakuingia kuliko mtu yeyote hapo mtaani.

Sarafu yenyewe nimeipata kwa pauni 12. Upande mmoja pana kichwa cha Gallienus, aliyetawala Roma peke yake kuanzia mwaka 260 hadi 268, kavaa taji lenye miali kama ya jua. Upande wa pili, paa. Paa kabisa, na pembe zake! Maandishi yanamtaja Diana, mungu wao wa uwindaji, kuwa ndiye mlinzi wa mfalme. Nimemkodolea macho paa huyo mpaka mke wangu akauliza kama nataka kumchinja.

Lile taji la miali lilikuwa alama kwamba sarafu moja ni sawa na dinari mbili, dinari ikiwa sarafu yao ya fedha. Aliyeianzisha ni mfalme Caracalla, mwaka 215. Thamani akaipa ya mbili, lakini fedha aliyotia ilikuwa kama ya moja na nusu. Mtu angekuletea hesabu hiyo dukani ungemtoa mbio. Mwenzio alikuwa na askari wa kulipa, na mishahara alishaipandisha. Wala hakuwa wa kwanza: mfalme Nero alipunguza fedha ya dinari mwaka 64, na zama za Septimius Severus dinari ilikuwa karibu nusu yake shaba. Kila mmoja alichota kidogo. Kufika kwa Gallienus, baba yake ametekwa na Waajemi, Ufaransa na Uingereza zimejitenga, na fedha katika sarafu zake za mwisho haizidi sehemu 5 katika 100. Yaani ya kuchovya, Athmani! Shaba imepakwa fedha juu juu. Katika yangu utando umebanduka wote, umebaki kidogo tu nyuma ya sikio la mfalme.

Na nyingine zake zimeandikwa PAX AVG, amani ya mfalme. Amani ipi? Maandishi alichagua mwenyewe, lakini shaba ilimsuta.

Usidhani watu walikuwa wajinga. Imebaki amri moja ya mwaka 260 kutoka Oxyrhynchus, Misri, iliyoandikwa kwenye karatasi ya mafunjo. Misri walikuwa na sarafu yao, lakini ugonjwa ulikuwa uleule. Wabadilishaji fedha walifunga meza zao wasipokee sarafu za wafalme, mkuu wa jimbo akawaamuru wafungue na wapokee zote, isipokuwa za bandia. Najiuliza bandia waliitambuaje, ikiwa ile halali yenyewe ndiyo hivyo.

Jumamosi nilipanda treni hadi Taunton kuona hazina iliyofukuliwa mwaka 2010 shambani karibu na Frome. Mtungi mmoja, sarafu 52,503, kilo 160! Waliutoa kwa tabaka, na hapo ndipo penye utamu: sarafu za mwisho kutengenezwa, za Carausius, nyingi zilikuwa chini ya katikati ya mtungi. Kama mtu angekuwa anaweka akiba mwaka hadi mwaka, zingekuwa juu. Kwa hiyo inaelekea zilimiminwa kwa mara moja, na wengine wanasema ilikuwa sadaka kwa miungu. Huyo Carausius alikuwa mwasi, kajitangaza mfalme wa Uingereza mwaka 286. Katika mtungi ule mna dinari zake 5 za fedha nzuri, kitu ambacho wafalme halali walikuwa wameshakiacha. Nadhani mwasi ana haja ya kuaminiwa kuliko mrithi.

Lile neno dinari unalolisoma katika Aal Imran, asili yake ni denarius ya hawahawa Warumi. Nilipolijua hilo nilikukumbuka wewe na marehemu maalim wetu wa chuoni.

Sarafu nitakuja nayo mwenyewe Inshallah. Jiwe lako la kupimia liweke mbali, ndimu nayo ibaki jikoni, na usiisugue hata kwa kitambaa. Fedha ile ya nyuma ya sikio ikitoka, sitakuwa na cha kukuonyesha.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Idi