Ile karatasi uliyoondoka nayo, kaka

Kaka, mtoto wa ami yangu,

Salamu za huku Wete, Pemba, ni mvua na karafuu. Mikarafuu ya bondeni mwaka huu imebeba mpaka matawi yameinama, na kila nikipita chini yake nakukumbuka, kwa wema na kwa ubaya. Dawa za mama ulizokuwa ukizituma kutoka Maskati sijazisahau. Na ile siku ya arubaini ya bibi sijaisahau vilevile.

Majamvi mawili uani, karafuu za jana zimeshaanza kugeuka rangi, sisi pembeni tunachambua makonyo. Wanao wamesimama na simu zao. Ukawaonyesha mti mkubwa wa kisimani ukasema, "Yote haya kayapanda babu yenu mkubwa kwa mikono yake." Mzee, yule tunayemwita babu tangu hatujui kuvaa viatu, alikuwa na kikonyo mkononi. Akakiweka chini polepole, akakung'uta kikoi, akaondoka. Chai yake haijafika nusu.

Kwa mikono yake! Kaka, babu yetu mkubwa alihamia Pemba baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja. Alikuja na mikono mingi, lakini haikuwa yake. Mkarafuu unataka miaka sita, saba ya kupaliliwa kabla haujakupa kitu, na ukizaa lazima uchumwe ua halijafunguka, tena kwa kuurudia mti uleule mara kadhaa, maana hayakomai pamoja. Soko la watumwa pale Mkunazini, mjini Unguja, lilifungwa 1873, lakini majahazi yaliendelea kushusha watu huku kwetu kwa siri, maana karafuu ilikuwa na bei na mashamba yalitaka watu. Hata huko visiwa vya Maluku, Indonesia, karafuu ilikotoka, Waholanzi walikuwa wakiikata mikarafuu ya wenyeji ili bei isishuke. Kiungo cha pilau hiki!

Kisha Waingereza wakamsukuma Sultani Hamoud, utumwa ukafutwa 1897. Unajua aliyelipwa fidia? Bwana. Mtumwa aliyeutaka uhuru wake alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai, na aliyechimba mashimo ya miche hakupewa hata pesa moja.

Kwa hiyo nakushauri, mimi mdogo wako: wanao wakikuuliza tena, waambie ilivyokuwa. Wakubwa wale, watafahamu. Wala usinirudishie kwamba nami nakula shamba hilohilo. Mimi ndiye ninayepalilia. Wachumaji nawalipa kwa pishi, jioni ileile, na wajukuu wa mzee wamo, malipo yao sawa na ya wengine. Sijamkalisha mtu nje ya baraza langu. Na mwaka ule yale magunia ya karafuu yalipovuka usiku kwenda Shimoni, Kenya, nusu ya pesa niliileta kwako bila kuombwa, ingawa aliyelala na hofu ni mimi. (Hili halikuwa la kuandika hapa. Limeshaandikwa.)

Ninalotaka ni ile karatasi. Ile uliyoikuta kwenye kasha la bibi ukaitia kwenye begi lako, ukasema ni kumbukumbu ya ukoo. Usoni mna rupia alizopokea babu mkubwa mwaka ule wa fidia. Nyuma mna majina manane kwa herufi za Kiarabu, mengi ni ya vito na manukato, kama orodha ya duka.

Siku nne baada ya arubaini mzee alinijia, akakaa mlangoni, hakuingia. Akaniuliza kama jina la bibi yake limo. Nikamwambia wino umefutika.

Haukufutika. Nilitaka watu watawanyike kwa salama, na wewe ulikuwa umeshapanda boti bila kuniaga, na karatasi unayo wewe, mimi niliisoma mara moja tu kwa mwanga wa simu. Ningemwambia nini? Kwamba limo, lakini limekwenda Maskati? Toka siku ile akinipita njiani ananiitikia salamu kama kawaida, na hilo ndilo linaloniua. Ungekuwa wewe ungesema nini? Usinijibu.

Mzee sasa macho yamemwisha, ila masikio bado. Nitamsomea mwenyewe, moja moja. Piga picha upande wa nyuma unitumie. Usoni usihangaike.