Kabla hamjamtoa meno

Mwanangu,

Jana simu ilikatika kabla sijamaliza. Umesema mtoto anaharisha siku ya tatu, ana joto, fizi zimevimba pale kwenye chonge, na mama mkwe wako ameshampata bibi wa kutoa meno ya plastiki, hayo wanayosema yamejificha kwenye fizi na ndiyo yanayoharisha watoto. Tena wa jirani alitolewa, kesho yake akapona.

Usibishane na mama. Mwulize tu kwa upole, yule wa jirani alikuwa ameharisha siku ngapi kabla ya kutolewa? Watoto wengi huacha kuharisha wenyewe ndani ya wiki. Sisi tunakimbilia kwa bibi siku ya nne au ya tano, tukishachoka, na ugonjwa nao uko mlangoni unaondoka. Jogoo awike asiwike, kutakucha. Na waliotolewa wakafa, nani huwasimulia?

Mimi hili nalijua kwa sababu nililifanya. Kaka yako alikuwa na miezi saba. Nilimshika kichwa mwenyewe, yule mama akachokonoa fizi kwa spoki ya baiskeli, akanionyesha kitu cheupe, laini kama funza. Khanga yangu ililowa damu. Siku ya pili mtoto akapata nafuu, nami nikaisimulia dawa hiyo kwa kila mwenye mtoto hapa kijijini. Miaka ikapita, jino la chonge la upande wa kulia likaota nusu, tena limepinda. Daktari wa meno ndiye aliyenieleza kwamba kile cheupe kilikuwa jino lenyewe, changa, na la ukubwani hujijenga papo hapo jirani yake. Unajua anavyocheka ameziba mdomo kwa kiganja.

Miezi sita, saba, meno yanaanza. Lakini ndipo mtoto anapoanza pia uji, anatambaa, anaokota kila kitu na kutia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako inapungua. Vimekutana umri tu.

Usiniambie siamini lolote linalosemwa juu ya meno. Hapa kijijini Maji ya Chai, Arusha, wageni wanatuona meno ya kahawia, wanasema hatupigi mswaki. Mtazame binamu yako aliyehamia kutoka Moshi akiwa na miaka kumi: maji anakunywa yaleyale, mswaki anaukwepa, meno meupe. Mdogo wake aliyezaliwa hapa yamebadilika rangi. Floridi, madini yaliyo kwenye maji yetu, hushika jino likiwa bado linaundwa, kwa hiyo yule wa Moshi ilimkuta meno ya mbele yameshakamilika. Hapo nakubali ni maji, na kuyachemsha hakuiondoi. (Magadi nayo yana floridi, makande yangu siku hizi hayana magadi, baba yako ananung'unika.)

Sasa mtoto. Pakiti moja ya ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, akitapika subiri dakika kumi uanze tena. Usiache kunyonyesha. Zahanati waombe vidonge vya zinki, na uvimalize hata akipona. Ukiona macho yameingia ndani, hakojoi, hawezi kunyonya, amelegea au choo kina damu, usisubiri kuche, mpeleke hospitali.

Nimempa konda wa Coaster ndizi na kilo mbili za unga wa uji. Mpokee stendi saa nane, na unipigie ukiwa na chaji.

Mama yako