Usalama wa barabara za vijijini upimwe kwa majeruhi, si kwa kilomita

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyopima usalama wa barabara zetu za vijijini. Tangu Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) uanzishwe mwaka 2017 na kukabidhiwa mtandao unaozidi kilomita 100,000, barabara nyingi zimechongwa, makalvati yamejengwa, na baadhi ya vijiji vimeona lami kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, taarifa tunazosomewa hutaja kilomita zilizotengenezwa, fedha zilizotumika na alama zilizosimikwa. Ni nadra kusikia kama wanaoumia wamepungua.

Swali hilo haliepukiki, kwa kuwa barabara nzuri huongeza mwendo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo hupanda kwa takriban asilimia 4. Mashimo yalimlazimisha dereva kwenda polepole. Ikiwekwa lami isiyo na njia ya waenda kwa miguu, dereva yule yule hupita mbele ya shule kwa kasi, ilhali watoto wanatembea pale pale pembezoni.

Hatua za usalama zenyewe nazo zinahitaji kukaguliwa zikiwa kazini. Chukua tuta linaloishia pale lami inapoishia. Waendesha bodaboda hulikwepa kwa kushuka pembeni na kufuata kijia cha vumbi wanachopita wanafunzi na kina mama waliojitwika ndoo za maji. Magari yamepunguza mwendo, ndiyo, lakini pikipiki zimehamishiwa kwa waenda kwa miguu. Kwenye karatasi tuta hilo halina dosari, maana lipo, na kimo chake ni kile kilichoandikwa katika mkataba. Kasoro yake ataiona tu mkaguzi atakayesimama pale asubuhi, shule zikiwa zimefunguliwa.

Takwimu za polisi peke yake hazitoshi kutupa jibu. Kijijini, aliyeanguka na bodaboda usiku mara nyingi hapelekwi kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi; hupelekwa zahanati iliyo karibu, au kwa fundi wa kuunga mifupa, na ajali yake haiingii katika hesabu yoyote ya barabara. Waganga wafawidhi wakiombwa kuandika katika daftari la wagonjwa mahali ajali ilipotokea, na daftari hilo likalinganishwa na la polisi kila mwaka, tutaijua hali halisi kwa gharama ndogo sana.

Tuache pia haraka ya kutangaza mafanikio. Aghalabu rasta (vituta vyembamba vilivyopangwa mfululizo) au matuta huwekwa baada ya mwaka mbaya, wananchi wakiwa wamekwisha kupiga kelele. Lakini ajali za mahali pamoja hupanda na kushuka zenyewe, na huenda mwaka uliofuata zingepungua hata pasipo kuwekwa chochote. Ndiyo maana inafaa kutazama angalau miaka mitatu kabla na mitatu baada, na kuweka kando ya hesabu hiyo barabara nyingine inayofanana nayo ambayo haijaguswa. Bila hivyo, tutaendelea kugharimia vitu visivyosaidia na kuvinyima fedha vile vinavyookoa watu.

Wakati tukisubiri miaka hiyo, mwendo unaweza kupimwa sasa, wala hauhitaji mtambo wa gharama. Pimeni mita 100, wekeni alama mbili na mshike saa: gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa juu unaoruhusiwa maeneo ya makazi, hutumia sekunde 7 na kidogo. Vipimo hivyo vichukuliwe kabla mkandarasi hajaanza kazi, na virudiwe akishamaliza.

Nawaomba madiwani, kabla ya kupitisha bajeti ijayo, wamtake meneja wa TARURA wa wilaya awaletee idadi ya majeruhi na vipimo vya mwendo kwa kila barabara iliyokamilika, na wahakikishe kuwa ukaguzi wa usalama unafanyika ndani ya kipindi cha uangalizi, ili tuta au kivuko kilichokosewa kirekebishwe wakati mkandarasi bado anabanwa na mkataba.

Msomaji wenu,
Njombe