Bunduki yako inakubali risasi zipi? Kabla hujanunua boksi la pili, pima

Wateja wengi hutuletea bunduki siku chache kabla ya kwenda kwenye kitalu cha uwindaji, wakiwa na karatasi yenye matundu matatu yaliyobanana. Wanaamini risasi walizonunua ni nzuri, kumbe matundu matatu hayatoshi kusema hivyo. Kwa bunduki ileile na risasi zilezile, kundi (matundu ya risasi zilizopigwa kwenye shabaha moja) la risasi 5 kwa wastani huwa pana kuliko la risasi 3 kwa zaidi kidogo ya robo. Ukipiga tatu tatu mara nyingi, lazima siku moja zitabanana zenyewe, na hiyo ndiyo karatasi inayotunzwa.

Kila mtutu hutikisika kwa namna yake risasi inapopita ndani. Ndiyo maana bunduki mbili za .30-06 (jina la aina ya risasi inayoingia) zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana: moja ikabana risasi za greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi), nyingine ikazitawanya na kupenda za greni 165. Bei ya boksi haikuambii lolote hapo.

Sisi hupima kwa boksi zima la risasi 20 kwa kila aina. Tatu za kwanza ni za kuchafua mtutu uliotoka kusafishwa, kwa sababu mtutu safi wenye mafuta kidogo hupeleka risasi pengine kabisa. Kumi na tano ni makundi matatu ya risasi tano tano, kila kundi na karatasi yake. Mbili zinazobaki tutazieleza mwishoni. Ukihama kutoka risasi za shaba tupu kwenda zenye madini laini ya risasi ndani, safisha mtutu kwanza kwa dawa ya kutoa shaba, kisha uanze tena na zile tatu za kuchafua.

Kabla ya yote, soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na yaliyo kwenye kitako cha ganda. Yalingane neno kwa neno, maana ".300" peke yake haitoshi. Kaza skrubu za darubini ya kulengea na za mbao (ubao wa bunduki unaobeba mtutu), vaa miwani na vizibo vya masikio.

Weka shabaha mita 100, saa 1 asubuhi kabla upepo haujaamka. Mfuko wa mchanga wa mbele ukae chini ya mbao, kamwe usiguse mtutu, na mwingine uwe chini ya kitako cha bunduki. Kati ya risasi na risasi subiri dakika mbili au tatu. Baada ya kundi, acha bolti (komeo linalofunga chemba ya risasi) wazi, uweke bunduki kivulini hadi mtutu uweze kushikika kwa mkono bila kuunguza. Risasi nazo zikae kivulini: baruti iliyopata jua kali huongeza presha na kasi, na matundu hupanda. Usiiache risasi ndani ya chemba yenye moto huku ukijiandaa kulenga.

Usiguse vitufe vya darubini wakati wa kupima. Kundi likikaa sentimita 8 kushoto, liache hukohuko. Kinachopimwa ni upana wake. Pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lililo mbali zaidi, kisha toa unene wa risasi: milimita 7.8 kwa .30, milimita 9.5 kwa .375. Chukua wastani wa makundi yote matatu, na usilitupe lile baya kwa kisingizio kwamba mkono ulitetemeka.

Karatasi husema mengi. Matundu yakijipanga kwenda juu kadiri mtutu unavyopata moto, huenda mbao inaugusa. Pitisha karatasi nyembamba kati yake uone inakwama wapi. Yakitanuka kulia na kushoto, shuku upepo au kidole kinachovuta kifyatulio kwa pembeni. Yakigawanyika makundi mawili, angalia vishikio vya darubini kabla hujazilaumu risasi.

Kwa swala na kongoni, wastani chini ya sentimita 4.5 unatosha kabisa. Kwa nyati, anayepigwa karibu kwa .375, hata sentimita 6 hatuzikatai. Hapo kichwa kigumu (kisichopanuka kinapogonga) cha greni 300 kina maana kuliko kundi dogo. Tusingekushauri uchukue risasi laini kwa nyati eti kwa sababu imetoboa karatasi vizuri.

Ukishachagua, ndipo urekebishe darubini. Kama kitufe chako husogeza robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii), kila mlio wa kitufe ukikizungusha ni takriban milimita 7 kwa mita 100. Kundi lililo milimita 35 kulia linahitaji milio 5 kwenda kushoto. Kisha zile risasi mbili: piga moja mtutu ukiwa baridi, ungoje upoe kabisa, piga ya pili. Porini, risasi ya kwanza hutoka kwenye mtutu baridi, kwa hiyo hizi mbili zikikaa mbali na kundi, zirekebishie darubini hizo.

Soma pia namba ya loti (fungu la risasi zilizotengenezwa pamoja) pembeni mwa boksi, ununue za kutosha msimu mzima kutoka loti hiyohiyo. Kiwanda kikibadili baruti au fataki inayoiwasha, jina la boksi halibadiliki. Ukipata loti nyingine, piga kundi moja la risasi tano kabla ya kuondoka. Likisogea, darubini irekebishwe upya.