Jiwe Lako Halikubadilishwa, Lilipikwa

Mteja mwingine ameingia na amethisto, kito cha zambarau, iliyopasuka, akidai tumempa kioo badala ya jiwe lake. Ni wa tatu sasa, na tuhuma hii inatuuma.

Jiwe nililikumbuka mara moja. Nililikata mwenyewe, na lilikuwa na wingu jeupe karibu na kitako. Wingu bado lipo. Nikalichorea kipande cha kioo cha dirisha mbele yake, kikachorika. Amethisto ni aina ya kwatsi, na kwatsi ina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kioo hakifikii hapo. Nilipouliza zaidi, akakiri: aliliweka kwenye makaa ligeuke la manjano.

Ni kweli moto huigeuza amethisto. Zambarau yake hutokana na chuma kidogo sana kilichomo ndani pamoja na mnururisho (mionzi) wa asili wa miamba. Ikipashwa kwa nyuzi 400 za Selsiasi na zaidi, nyingi huwa njano au kahawia. Sitrini nyingi za sokoni, yaani kwatsi za njano, zilianza hivyo. (Hata jua la dirishani huififisha zambarau, ila taratibu.)

Tatizo ni lile wingu. Kwatsi nyingi hukua kwenye nyufa za miamba, kutokana na maji ya moto yaliyobeba silika, madini yanayounda kwatsi, na ikikua humeza matone ya maji hayo. Ukilichoma jiwe ghafla, matone hutanuka na kulipasua. Moto ukivuka nyuzi 573, fuwele yenyewe hujipanga upya kwa ndani, na hapo hata jiwe safi laweza kupasuka. Kwatsi ya kwenye saa, ile inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, hukuzwa kiwandani ili iwe safi. Ya ardhini huja na kila ilichomeza.

Ndiyo maana sisi tukitaka kulipasha jiwe tunalikagua kwa lenzi, tunalifukia kwenye mchanga, tunapandisha joto kidogo kidogo, na tanuri halifunguliwi mpaka lipoe lenyewe. Bei mnayoilalamikia ni ya muda huo wote. Na lile la mteja huyu tungelikataa, kama tulivyowakatalia wengine wakaondoka wamenuna.

Sasa nitalikata upya. Vitapatikana vito viwili vidogo, kimoja njano, kingine zambarau iliyofifia, na atalipa zaidi ya ambavyo angelipia kulikagua tu.