Swali la mama wa makala

Mheshimiwa Mhariri,

Mwezi uliopita nilihudhuria warsha ya siku tatu ya falsafa ya siasa hapa Lubumbashi, katika chuo kikuu kimoja kilichowaalika maprofesa kutoka Ulaya na Marekani. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nilienda na wanafunzi wangu wawili wa mwaka wa sita, na nashukuru kwamba milango ilikuwa wazi hata kwetu.

Siku ya pili mada ilikuwa dola. Profesa mgeni alieleza vizuri wazo la mwanasosiolojia Mjerumani Max Weber la mwaka 1919, kwamba ndani ya eneo lake dola hudai kuwa ndiyo peke yake yenye haki ya kutumia nguvu. Maswali yalipofunguliwa, akasimama mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, aliyekuja na mwanawe mwanafunzi. Mkononi alikuwa na karatasi tatu zilizokunjikakunjika.

"Gunia langu lilisimamishwa kwenye bariera tatu," akasema. "Kila bariera ikanilipisha, kila moja ikanipa karatasi yenye muhuri. Sasa, Profesa, kati ya hizi tatu, Leta ni ipi?"

Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa Leta ni nani. Neno tulilitwaa kwa Kifaransa, l'État, yaani dola, tangu enzi za Wabelgiji, na wajukuu zetu wanalisema bila kujua lilitoka wapi. Lakini mwenyekiti wa kikao alimtafsiria mgeni hivi: mama analalamika kwamba kodi ni nyingi. Profesa akajibu kwa upole kuhusu rushwa. Mama akakaa, akazikunja karatasi zake.

Hakuwa ameuliza habari za kodi! Alimshika Weber pale pale: ikiwa watu watatu wanaweza kukusimamisha njiani, na wote wana mihuri, dola ni nani? Kwa siku zote tatu sikusikia swali zito kuliko hilo, nalo lilipotea kwa kukosa mkalimani.

Na mji huu ulishaonyesha namna nyingine ya kumpokea mtaalamu mgeni. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliwauliza waigizaji wa kikundi cha Mufwankolo maana ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Hawakumjibu kwa sentensi mbili. Walitunga igizo zima kwa Kiswahili cha hapa, wakabishana, wakarudia mazoezi, naye akirekodi na kuandika walivyosema. Aliyetoka nje ndiye aliyekaa kujifunza, na hayo yote yalikuwa mazungumzo ya siasa.

Kifungu cha 1 cha Katiba yetu ya 2006 kinataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na kinaitaka Leta hiyo hiyo izikuze bila ubaguzi. Kwa hiyo nawaomba waandaaji jambo dogo: warsha ijayo iwe na mkalimani wa kweli, wa kwenda na kurudi, na nusu siku ya mjadala iendeshwe kwa Kiswahili, wageni ndio wavae vifaa vya masikioni. Kifaransa kibaki, wanafunzi wangu wanakihitaji.

Mama yule anauza soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na karatasi zake bado anazo. Nilimuuliza kama angekubali kurudi. Akasema atakuja, mradi safari hii ajibiwe alichouliza.

Mwalimu wa sekondari,
Katuba, Lubumbashi